Macho ya Dungu la Nne

Mpunga ukianza kujaza hutoa harufu kama ya maziwa yaliyochemshwa, na msimu ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja harufu hiyo ilituingia hadi kwenye nguo. Tulihama Ifakara tukaenda kuishi kibandani, shambani Mofu, kama wenzetu wote, mpaka mavuno yaishe. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, nikifukuza kwelea kwa kombeo na debe bovu. Madungu yalipangana kutoka kibandani kwetu hadi karibu na mto, na habari zilipita kwa sauti: la kwanza likiuliza, la pili linapokea, hivyo hivyo hadi la mwisho. Sheria ilikuwa moja tu, dungu halidanganyi. Ukisema kiboko hayupo kumbe yupo, mtu anakufa. Dungu la nne, la mwisho kabisa, lilikuwa langu, nami nilijiona mkuu wa wilaya.

Msimu huo mama aliniletea kitabu. Alikiokoa kwa muuza karanga aliyekuwa akikichana kufungia karanga zake, kwa hiyo hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Kilisimulia mji ambao kila taa ya barabarani ilikuwa na jicho, na taa zote ziliambiana zilichokiona. Fundi viatu mmoja alitamani kutembea alasiri moja tu bila kujulikana aliko. Jirani yake akamchongea. Nililia, jamani, nililia hadi kwelea wakajilia mpunga wa baba wanavyotaka. Yule jirani nilimlaani kwa maneno yote ya Kipogoro niliyoyajua, na hayakuwa machache.

Asubuhi iliyofuata nikamwona dada yangu Yustina akipita chini ya dungu, amevaa gauni la kanisani, viatu mkononi. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, siku hiyo moja tu. Baba hakutaka, alishapokea barua ya posa kutoka Mahenge. Nilijua yote hayo, maana kibandani hakuna siri. Yustina akanipungia mkono, akaendelea kuelekea kivukoni. Haukupita muda sauti ikaja, dungu kwa dungu: "Yustina kapita huko?" Nikasimama, nikakinga viganja mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Kapita! Anaelekea kivukoni!" Sikufikiri hata kidogo. Nilifurahi tu kwamba nimeulizwa na ninajua.

Baba alimkuta kivukoni, mtumbwi haujaondoka. Yustina hakunipiga wala kunitukana. Alisema, "Nilikupungia kwa sababu ni wewe, mdogo wangu. Angekuwa mwingine ningepita vichakani, kama nilivyoyapita madungu mengine." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku ile walinisema mimi. Aliolewa baada ya mavuno. Uuguzi hakuusomea kamwe. Nimeona aibu maisha yangu yote, na leo jambo hili silipambi.

Mji wa kitabu kile umefika Mlabani, mtaani kwetu hapa Ifakara, bila kelele, tena macho yake tunayachaji wenyewe kila jioni. Wanaomwangalia Yustina sasa ni wanawe, kwa upendo, siwalaumu. Mumewe alipofariki walimnunulia simu kubwa inayoonyesha kila aendako. Akikawia sokoni wanapiga. Akikawia kanisani wanapiga pia. Sisi tulihitaji mtoto mwenye koo, wao wanahitaji bando tu. Na sisi angalau jua likizama tulishuka, tukala, tukasahau.

Mwezi uliopita Yustina aliingia dukani kwangu akiwa na gauni jipya, akaomba maji. Hajamaliza glasi, simu yangu ikaita. Ni mwanawe mkubwa.

"Shikamoo mama mdogo. Mama yuko kwako? Simu yake inaonyesha yuko nyumbani, lakini hapokei."

Nikamtazama dada yangu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Marahaba, baba. Leo sijamwona. Atakuwa amelala, mwache apumzike."

Yustina akaiweka glasi mezani taratibu. "Umechelewa, mdogo wangu," akasema, "lakini umefika." Akajitanda khanga, akatoka. Nilitamani sana kwenda mlangoni nione anashika njia ipi. Nikakaa.