Lenzi za Baba, Uso wa Bibi

Baba aliniachia lenzi tatu za kamera yake ya filamu na tabia ya kudharau picha za simu. Kamera yenyewe ilikufa kabla yake. Baadaye nikanunua mirrorless, hizi kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Ilikuwa mtumba, ya kampuni nyingine, tena haina lenzi. Lenzi za Baba hazikuingia. Ilihitajika adapta, pete ya chuma inayokaa kati ya kamera na lenzi na kuzipatanisha, nikaiagiza Dar. Ikawa sababu nzuri ya kutotoka nyumbani kwangu Mpanda, na sababu ya kutotoka nyumbani sijawahi kuikataa.

Hapo ndipo Bibi, mama yake Baba, alipoanza kunipigia kutoka Kibaoni. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa unammaliza. Alitaka picha ya kuwekwa mbele ya jeneza. Babu alizikwa na picha iliyokuzwa kutoka kwenye kadi ya kura, jicho moja limefumba, na Bibi hakuisamehe kamwe ile picha.

"Mume wangu, njoo unipige nikiwa bado na mashavu."

"Nasubiri kifaa, Bibi."

"Simu huna?"

"Ya simu haifai. Nataka kukupiga na lenzi ya Baba."

"Sema unaogopa vumbi la njiani."

Alinijua. Adapta ilichukua wiki tano. Mashavu hayakusubiri.

Nilimkuta uani, Shangazi kamkalisha kwenye kiti na mito pande zote. Nikafunga adapta, nikafunga lenzi. Kamera ikagoma, ikaandika kwamba haina lenzi.

"Hata mimi na mtoto wa jicho hili naiona," Bibi akasema. "Umejinunulia kipofu mwenzangu."

Shangazi akacheka hadi akakaa chini. Nikahangaika mpaka nikapata mahali pa kuiambia ipige tu, hata kama haioni lenzi. Nikajaribu moja. Bibi alikuwa kichwa wazi, nywele zimebaki vishungi, mdomo umemuanguka.

"Hiyo futa! Sijafunga kilemba. Ukiiweka nakurudia usiku, na siji na chakula."

Shangazi akamfunga kilemba cha bluu, akampa rozari aishike kifuani. Sasa, adapta ile ilipitisha mwanga tu. Fokasi unaitafuta mwenyewe, unazungusha kwa mkono. Nikafungua tundu la lenzi lote, kama Baba alivyozoea, ili ukuta wa nyuma upotee. Tofauti ni kwamba Baba alikuwa anajua. Nikapiga nne, Bibi akasema amechoka. Kwenye kioo kidogo cha kamera alionekana malkia.

Nyumbani, nilipozikuza kwenye kompyuta, rozari ilihesabika punje kwa punje. Uso ulikuwa ukungu. Zote nne. Iliyotoka safi, hadi mikunjo ya kope, ni ile ya kichwa wazi, ambayo nilikuwa bado sijaifuta.

Nikasema nitarudi Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha, nami mvua naiheshimu sana. Jumatano Shangazi akapiga simu. Hakunisalimia.

Kabla ya kupanda basi nilipita studio kusafisha picha. Nilisimama kaunta na picha mbili: moja inamwonyesha Bibi, nyingine ndiyo aliyoitaka Bibi. Nikachagua kilemba. Fundi akanitazama, akaniambia nikiikuza itaonekana moshi mtupu. Basi nikamwambia aitoe ndogo, ya kiganja, nikaipachika katikati ya fremu kubwa niliyokwisha kuinunua.

Kibaoni, watu walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja, na kila mmoja aliinama.

"Nyie, mbona kamekuwa kadogo hivi?" mama mmoja alinong'ona.

Shangazi alisimama pembeni yangu, macho yamevimba.

"Ndo hiyo ya wiki tano?"

"Ndo hiyo."

Akainama na yeye. Aliitazama muda mrefu, akajifuta pua kwa pindo la kitenge.

"Rozari imetoka vizuri," akasema.