Chupa ya Damu ya Mama Ilikwenda Wapi?

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Nakuru. Jina lake tumelificha, kama alivyoomba.

Mhariri, salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, sijaoa, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika maabara ya hospitali moja hapa Nakuru. Kazi yangu ni kuwatoa watu damu kwa sindano, kuosha vioo vya kupimia na, siku daktari akiamka vizuri, kutazama damu kwa hadubini. Wenzangu niliosoma nao wamekuwa makarani na walimu. Mimi naipenda hii. Siku ya kwanza nilipoona vitu vilivyojaa ndani ya tone moja la damu, nilisahau kwenda kula. Sasa nimepewa nafasi ya kusomea kazi hii Nairobi miaka mitatu, na jibu linatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Msinipongeze bado.

Baba yangu anachunga ng'ombe katika shamba la Mzungu upande wa Kuresoi, na ng'ombe wake mwenyewe wachache anao pia. Kwetu ng'ombe hutolewa damu. Unamfunga kamba ya ngozi shingoni mpaka mshipa usimame, unapiga mshale mfupi, unakinga kwa kibuyu, kisha unaziba kidonda na ng'ombe anarudi malishoni. Damu tunaichanganya na maziwa, tunakunywa. Nilifundishwa na baba nikiwa mdogo, ndiyo maana mkono wangu haukosi mshipa. Daktari alinichukua kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka jana tulitumwa mashambani kuchukua damu ya watu ili magonjwa yatafutwe. Daktari akasema tuanzie kwetu, kwa kuwa ninajulikana. Sikupenda. Siku hizi za hali ya hatari huwezi kutoka shamba moja kwenda lingine bila kuulizwa barua ya ruhusa, na mjini kila mtu anasimulia habari za kachinja, wale wanaosemekana kukamata watu na kuwanyonya damu ikauzwe. Watu wetu walipoliona gari walijifungia ndani. Basi nikajifanya mjanja. Nilichukua ile kamba ya baba ya kufungia ng'ombe, nikamfunga nayo mama mkono mbele ya wote, nikamtoa damu. Wakacheka, wakaona ni mambo ya nyumbani tu, wakapanga mstari. Nikawaahidi majibu baada ya wiki mbili.

Chupa zilitiwa katika sanduku, sanduku likapigwa kufuli na kupelekwa stesheni, liende Nairobi. Sasa ni miezi minane. Nilipomuuliza daktari alisema majibu yatakuja. Mara ya pili akasema labda chupa zilivunjika njiani. Mara ya tatu akanikazia macho: "Wewe kazi yako kutoa, hapana kuuliza." Tangu siku hiyo namchunguza. Chupa za damu zinapigiwa kufuli kwa nini? Kama zilivunjika, mbona hakuna aliyeandika kutuarifu? Na hii nafasi ya Nairobi imenifikia mimi wiki moja tu baada ya kuuliza, wakati wako wenzangu walionitangulia kazini. Labda ni zawadi. Labda wananiondoa. Nikilala nasema hili, nikiamka nasema lile.

Nyumbani nako mambo yameharibika. Mama amedhoofika, viganja vyake vimekuwa vyeupe, na akitoka mtoni na maji anapumzika mara tatu njiani. Watu wanasema ni ile damu. Nimewaeleza kwamba kiasi kile hakijazi hata kikombe cha chai, hawataki kusikia. Baba aliniita kando ya zizi. Hakupandisha sauti, na afadhali angenipiga.

"Ng'ombe akitolewa damu, watu wa nyumba wanakunywa," aliniambia. "Mama yako ulimfunga na kamba ya ng'ombe. Nani alikunywa?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna aliyekunywa. Lakini sijui chupa ile ilikwenda wapi, na baba aliona kwamba sijui. Niliona aibu sana.

Mama anaweza kuwa na minyoo, au homa iliyojificha, au kitu kibaya zaidi, na kila ugonjwa una dawa yake. Ili nijue, lazima nimtoe damu tena, kidogo tu, niitazame mwenyewe bila kuipitisha kwenye sanduku la mtu. Baba amesema nikimgusa nisikanyage tena kwake. Mama alikubali. Jumapili baba alipokwenda machungani, mama aliketi, akakunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono. Kisha akanitazama usoni.

"Na wewe, walikutoa lini?"

Wasomaji, nilikusanya sindano zangu nikarudi Nakuru. Kila mwaka sisi wa maabara hutakiwa kutoa damu yetu ipimwe, na kila mwaka mimi hupata homa, au safari, au msiba wa mjomba. Nimetoboa mikono ya watu nisioweza kuwahesabu, nikiwaambia wasiogope. Wangu haujaguswa na mtu.

Mlio na wazazi mnanielewa. Nipeni shauri, nikamjibu nini mama? Na nipeni upesi, kwa sababu yeye hana muda wa kuningojea mpaka niache kuogopa.