Mama Hapana na Maonyo ya Uongo

Ofisini walimwita Mama Hapana, maana ndilo jibu walilolipata wengi waliompelekea marekebisho. Kwa miaka kumi na sita alikilinda kipande kimoja cha kiini cha mfumo endeshi, kile kinachoandika data kwenye diski, na hakuwa na subira na watu wanaogusa wasichokisoma.

Mwaka huo mkuu wa kitengo alinunua programu ya kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu zao. Ikapita mstari kwa mstari, ikatoa maonyo mia mbili na kumi na manne. Mkuu akatundika skrini karibu na mashine ya kahawa, namba hiyo ikiwaka nyekundu.

"Nataka sifuri kabla mwezi haujaisha."

"Nimeyasoma yote," alisema Mama Hapana. "Matatu ni ya kweli, nimeshayarekebisha. Mengine programu yako inaota mchana."

"Wateja wanaangalia namba."

Mama Hapana alimtazama kama mtu anayetazama soksi iliyotoboka, akarudi mezani kwake.

Kazi akapewa mwenzao waliyemwita Mpiga Deki, bwana wa shati lililonyooka kama karatasi. Programu ikilalamika kwamba kuna namba huenda ikatumika kabla haijapewa thamani, yeye aliipa sifuri, akaenda kwenye onyo linalofuata. Arobaini kwa siku, na alijisifu.

"Kaka, hapa sifuri maana yake nini?" Mama Hapana alimuuliza.

"Maana yake onyo limeondoka, dada."

"Maana yake 'data imehifadhiwa salama.' Umeufundisha msimbo kudanganya."

"Si wewe uliyesema onyo lenyewe ni la uongo? Msimbo ukiendeshwa haufiki hapo."

"Leo haufiki. Siku mtu akibadilisha kitu ukafika, programu ya ukaguzi ingetuambia. Sasa umeiziba mdomo."

Akayakataa marekebisho yale. Mkuu akayapitisha bila yeye. Skrini ikaonyesha sifuri, keki ikaliwa. Mama Hapana hakuionja. Alikaa akiwatazama watu wazima wakipigia makofi namba.

Miezi mitatu baadaye mtu alibadilisha faili jirani, na msimbo ukaanza kufika pale pale. Kwenye chumba cha majaribio, diski zikaripoti kuhifadhi mafaili ambayo hayakuwamo. Walihangaika siku nne. Siku ya tano Mpiga Deki akaja kusimama mezani kwa Mama Hapana, shati limejikunja.

"Dada, ni ile sifuri yangu."

Kwa miezi mitatu mama huyo alikuwa amemtungia maneno makali, lakini sasa hakuona raha ya kuyatoa.

"Umeipataje?"

"Nimesoma faili lote."

"Yaani ilibidi paharibike ndipo usome. Haya, vuta kiti."

Waliziondoa sifuri zisizo na maana moja moja, na namba ukutani ikapanda hadi themanini na saba. Mkuu akapita na kikombe chake, akauliza kama programu imeharibika. Wiki iliyofuata aliizima skrini, akasema inakula umeme.