Mianzi Miwili ya Jepchumba

Jerop hakuwa na cheti. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekanda viungo vya watu katika hospitali moja ya Nakuru, na kila mwaka mwalimu mkuu wa chuo cha hapo alimkabidhi wanafunzi wa tiba ya viungo awapandishe msituni, juu ya Njoro, kwa Waogiek, wajomba zake. Wanafunzi walirudi wakapewa vyeti. Yeye alirudi akafua mataulo.

Mwaka wa 1974 aliwapeleka kwa Jepchumba, yatima wa miaka sita aliyepooza mguu kwa polio. Jerop alikuwa amemfungia mianzi miwili ya kushikilia, kuanzia mlangoni hadi jikoni kwa nyanya yake, ambaye wote walimwita kogo, yaani bibi.

"Msimwambie apige hatua kumi," aliwafundisha. "Hatua kumi za kwenda wapi? Mwambieni akalambe asali kwa kogo."

"Mtanimalizia asali kabla mguu haujapona!" kogo akafoka, huku akicheka.

Lakini goti lilitaka kunyooshwa kila wiki. Likiachwa, lingekaza likiwa limekunjika, na hapo mianzi isingefaa kitu. Vidole vya kogo vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, havikuweza kulishika. Jerop akamvuta kando Madhu, mwanafunzi hodari kuliko wote.

"Gari hutolewa kwa ajili ya wanafunzi, si kwa ajili yangu. Omba uletwe kila Ijumaa, hadi Desemba."

"Nitakuja, Mama. Kweli tena."

"Mikono yenyewe laini kama siagi," kogo akasema. "Haya, aje. Nitamchemshia maji."

Madhu alikuja Ijumaa mbili. Kisha akaandika ripoti kuhusu ile mianzi, ikasomwa Nairobi, ikasifiwa, naye akaitwa huko huko kufundisha. Jina la Jerop halikuwemo. Mwalimu mkuu, kwa furaha, akaamuru mianzi isimikwe kwenye nyasi za hospitali, ikapakwa rangi nyeupe.

"Ya nini tena kuchoma petroli?" alisema. "Msitu tumeuleta hapa."

Jerop alipopata likizo, Desemba, alipanda kwa miguu. Mianzi ilikuwa imeanikiwa ngozi. Jepchumba alikuja kumlaki akijiburuta kwa makalio, goti limekunjika kama mundu. Jerop alilijaribu kwa mikono yote miwili. Halikusogea.

"Kila Ijumaa nilichemsha maji," kogo akasema. "Yakapoa. Nikachemsha tena."

Januari wakaja wanafunzi wapya. Walifanyiana mazoezi katikati ya mianzi myeupe, wazima wote, wakichekana.

"Jerop," mwalimu mkuu akaita, "wewe unawajua watu wako. Hebu waonyeshe hawa jinsi wagonjwa wa huko wanavyotembea."

Jerop akaweka taulo chini. Akaishika mianzi, akalikunja goti la kulia pale pale lilipogandia la Jepchumba, akaanza kujivuta. Wanafunzi wakaandika.

"Samahani, Mama," mmoja akauliza, "mgonjwa hapo anakwenda wapi?"

"Andika hatua kumi," Jerop akajibu.