Mkia Uliobaki Ukicheza

Redio ikikwaruza mahali, hata kwa kinyozi, mimi huutazama mlango. Sijawahi kumwambia mtu sababu. Nawaambia nyinyi.

Tulikaa shambani, nje ya Kitale. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kupanga viatu kwa mstari na kulia mstari ukipinda. Asubuhi moja nilimpiga mjusi kwa ufagio jikoni. Mkia ulikatika, ukabaki sakafuni ukirukaruka kama unaoungua. Niliuinamia mpaka ukatulia. Nilipoinua macho, mjusi hakuwepo.

"Si amekuachia huo uangarie," Mama alisema, kwa ile r yake ya Bungoma niliyopenda kuisahihisha. "Ameukata mwenyewe. Ameenda zake, bana."

Nilicheka. Mama hakucheka. Wiki ile vijana wenye mapanga walikuwa wakifukuza watu mashambani, na kila siku moshi ulipanda karibu zaidi na kwetu.

Siku ya nne, saa kumi jioni, tulisikia filimbi zao. Mama alimfunga mtamba, ng'ombe wetu wa pekee, mbele ya nyumba, akaacha mlango wazi, akafungulia redio kwa sauti yote. Kisha akambeba mdogo wangu mgongoni, tukaingia kwenye mahindi kuelekea Kamukuywa, kwa nyanya.

Mimi nilikuwa nyuma. Sikuweza kuvumilia nyumba kuachwa hivyo. Nilirudi mbio, nikazima redio, nikafunga mlango vizuri.

Katikati ya mahindi Mama alisimama. "Nani amezima redio?"

"Mimi, Mama. Betri zisiishe." Nilisubiri kusifiwa.

Alinitazama. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. "Usitoke hapa. Usirie."

Nilihesabu mashina ya mahindi. Filimbi zilikaribia. Halafu redio ikaanza tena, kubwa, na sauti za wanaume zikaelekea huko, zikabaki huko. Mama alitokea akiwa na kiatu kimoja. Hatukufuatwa. Nyumba iliungua, mtamba akachukuliwa.

Miaka baadaye nilijisomea katika kitabu kikuukuu cha baiolojia kwamba mjusi huweka mafuta yake mkiani. Anapoukata anaacha akiba yake. Na lazima mkia huo ucheze, la sivyo adui atainua macho. Mkia mwingine huota, mfupi, bila mfupa.

Sasa Mama anaishi Kamukuywa, anafuga kuku tu. Siku ile hatujawahi kuitaja. Nikimtembelea, akiniambia nizime redio, namwomba aizime mwenyewe.