Mzito Mgongoni

Dobi hakuipenda sauti ya pasi kubwa ya mvuke inapofungwa. Alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi na miwili, akinyoosha mashati ya watu wa maofisini na suruali zao zenye mikunjo ya ukaidi. Hata hivyo, kila aliposhusha ule mfuniko ukajifunga kwa kishindo, bega lake la kulia lilishtuka. Wenzake walimtania.

"Dobi, hiyo pasi umeiibia nini?"

Naye alicheka nao. Kisha bega likawa zito, na uzito ule haukumtoka mpaka jioni.

Aliujua ni uzito wa nani. Ulikuwa wa wifi yake: kilo hamsini na nane, kama alivyopimwa asubuhi ya siku ile.

Usimwonee huruma upesi. Sikiliza kwanza.

Yeye na wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, walianza judo pamoja, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la mbao. Walikuwa pete na kidole. Wifi alikuwa na miguu mirefu na kicheko cha kuudhi. Akikubwaga alikuinua huku anakuuliza umehesabu nyota ngapi. Dobi alikuwa mfupi, kajaa kidogo kiunoni. Kocha wao, karani mstaafu wa posta, alimkagua siku ya kwanza akasema, "Wewe Mungu kakupunguzia safari. Wenzako wakitaka kufika chini wanashuka ghorofa nzima. Wewe unashuka ngazi moja tu." Akaamua kumfundisha mwereka wa bega, ule wa kushuka magoti.

Ukiusikia ni mwepesi. Unashika mkono wa koti la mwenzako na ukosi wake. Unamvuta mbele mpaka asimamie vidole. Unageuka, unampa mgongo, na papo hapo unashuka kwa magoti mawili katikati ya miguu yake, ndani kabisa. Ukifika hapo yeye hana tena pa kusimama. Anapita juu ya bega lako, anaangukia mgongo, na mkono wake ulio huru unaupiga mkeka kupunguza kishindo.

Dobi alikosea kwa miezi. Alikuwa na pupa ya kushuka, akashuka kabla hajageuka. "Unapiga magoti nje ya mlango," kocha alimwambia. "Nani atakufungulia?" Nyumbani alifunga tyubu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha, akaivuta na kushuka, akaivuta na kushuka, mara mia mbili kila siku, mpaka magoti yakavimba, na wifi akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji moto huku akimsuta kwamba sasa ana magoti ya ngamia.

Lakini jambo ambalo kocha alilirudia mpaka likachosha lilikuwa hili: "Akiwa mwepesi mgongoni, umefika. Akiwa mzito, hujafika chini yake. Mwachie mkono, toka, anza upya. Ole wako uvute mzito. Ukivuta mzito hapiti juu yako. Anatangulia kichwa."

Wote waliijua kanuni hiyo. Hata wageni wa wiki ya kwanza waliijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuchagua timu. Kwa uzito wao nafasi ilikuwa moja, na waliobaki wakawa wao wawili. Wifi alikuwa mbele kwa pointi moja na imebaki nusu dakika. Dobi akavuta, akageuka, akashuka. Na pale chini akahisi wifi yake amemlalia mgongoni, mzito, mzito kama gunia. Alikuwa ameshuka nje ya mlango tena. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini alijua. Aliutaka ushindi ule kuliko kitu chochote. Akaubana mkono wa koti la wifi kifuani mwake, akavuta.

Sauti ilikuwa ndogo. Alitegemea kishindo cha mgongo, akasikia kitu kama njiti ya ufagio ikivunjika karibu na sikio lake.

Aliyefika wa kwanza alikuwa kaka yake. Yeye hakucheza judo. Alikuwa fundi wa kutandika vigae, na kwa sababu hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kupanga mikeka minene ya sponji asubuhi ile. Nani angempita kwa kuunganisha maungio? Alipiga magoti kando ya mkewe, akaona chini ya kichwa chake mikeka miwili imeachana upana wa kiganja, akajishika kichwa.

"Mikeka! Mikeka imeachana! Jamani, ni mimi!"

Mikeka iliachana kwa sababu Dobi aliisukuma kwa magoti yake alipokuwa akivuta. Aliiona ikiachana. Kocha alikuwa amesimama upande wa pili, kaona miguu tu. Dobi akafungua mdomo. Halafu akaufunga.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mnyamavu ni ndefu. Yake ilifika mwaka wa saba.

Wifi hakutembea tena. Kuanzia kifuani kwenda chini hakusikia hata joto la maji, na mikono ilibaki na nguvu kidogo tu, ya kusogeza shuka. Kaka aliendelea na vigae, maana nyumba ilitaka kula, lakini alikuwa fundi mwingine. Akimaliza sakafu alimwita mwenye nyumba na kumwambia, "Pitisha kidole hapa. Na hapa. Niambie kama kimenasa." Watu walimcheka. Hakuna kidole kilichowahi kunasa.

Na Dobi? Ungedhani angelikimbia judo kama ukoma. Hakukimbia. Kocha alipofariki alichukua funguo za ukumbi, akawa anafundisha wanawake kila Jumamosi asubuhi, na nyumbani alirudi kwenye tyubu yake. Alirekebisha kila kitu. Alijifunza kuvuta kwanza na kusubiri, kugeuza kichwa kabla ya bega, kushuka vidole vya miguu vikiwa vimekunjwa tayari kumwinua. Alitaka siku moja tu ashuke bila kuhisi mtu mgongoni. Mbele ya wanafunzi mwereka wake ukawa safi kiasi kwamba aliyebwagwa alinyanyuka akicheka, hajui kafikaje chini. Lakini wao walipokwisha kupita na kutua, mmoja alibaki mgongoni. Dobi alikuwa akikaa pale magotini kidogo, akimngoja ashuke, na hakushuka. Alimwogopa. Tena alimwogopa zaidi kwa kuwa hakuwa mfu: Jumamosi hiyohiyo mchana angekwenda kumkalia kando ya kitanda na kumchana nywele.

Kila Jumamosi kabla ya somo kaka alikuja kupanga mikeka. Hakuna aliyemwomba. Aliifunga kwa kamba pembeni, akatambaa kwa magoti akipapasa maungio yote, kisha akaenda kazini. Dobi alijitia kupanga makoti ili asimwangalie.

Jumamosi moja kaka hakuondoka. Mwenye nyumba aliyekuwa akimfanyia kazi alikuwa amesafiri, basi akakaa kwenye benchi la ukutani na chupa yake ya chai.

Wanafunzi walikuwa wakijaribu mwereka wa magoti. Mmoja wao, muuza viatu mwenye mabega ya kubeba dunia, alishuka mapema, mwenzake akamlalia mgongoni, naye akauma meno avute.

"Mwachie!" Dobi alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mwachie mkono!"

Muuza viatu aliachia. Wote wawili wakaketi chini, wakaanza kucheka.

"Mwalimu, si nilikuwa nimebakiza kidogo tu?"

"Hukubakiza kidogo. Alikuwa mzito." Dobi aliwageukia wote. "Akiwa mzito hujafika chini yake. Ukimvuta hivyo, na mkono wake umeubana, anatangulia kichwa na upande huo hana cha kujikingia. Unamvunja shingo. Mnanisikia? Unamvunja wewe, kwa mikono yako."

Waliacha kucheka. Kwenye benchi, kaka alikuwa ameweka kikombe chini.

Alingoja mpaka wanafunzi wote wakaondoka. Kisha akaja, akasimama ukingoni mwa mikeka bila kuikanyaga.

"Mdogo wangu, nieleze mimi nisiyejua. Hapo kwenye kuvuta mzito, mikeka inahusika vipi?"

Dobi angeweza kusema lolote. Kaka yake hakujua judo. Angemwamini, kama alivyoamini mwenyewe miaka yote kuwa ndiye muuaji wa miguu ya mkewe.

"Haihusiki, kaka."

"Siku ile alikuwa mwepesi au mzito?"

"Mzito."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla hujavuta?"

"Kabla."

Alitegemea kofi, na angelipokea kwa shukrani. Kaka alimtazama tu, midomo ikicheza, kama mtu anayefanya hesabu ndefu kichwani na kuikuta haiishi.

"Twende nyumbani," akasema.

Wifi alikuwa amelala chali, dirisha wazi, redio imezimwa. Alimwona Dobi akatabasamu. "Leo umewahi. Chanuo liko pale."

"Mwambie," kaka alisema.

Dobi alimwambia. Alisema yote akiwa amesimama, mara moja, bila kulia, maana aliona kulia kungekuwa kumwomba kitu. Wifi alisikiliza akitazama dari.

"Rudia pale pa mkono."

"Niliubana kifuani. Hukuweza kuutoa."

"Niliutafuta," wifi alisema polepole. "Mpaka leo nikilala nautafuta. Nilidhani niliuzembea mwenyewe." Akageuza macho kwa mumewe. "Na wewe nilikulaumu. Sikukuambia, lakini kila ukinitandikia nilikulaumu."

"Nilijua," kaka alijibu.

Ilikuwa imefika saa nane, saa ya kumgeuza ili mgongo usichubuke. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja kichwani, mmoja kiunoni, wanahesabu tatu. Dobi akasogea upande wake wa kitanda, akashika shuka, kama alivyofanya Jumamosi zote.

"Yeye asinishike," wifi alisema.

"Peke yangu nitakuumiza," kaka alisema.

"Utaniumiza wapi? Nigeuze."

Dobi alirudi nyuma mpaka akaugusa mlango. Kaka alivua saa ya mkononi, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega ya mkewe na mwingine chini ya mapaja, akavuta pumzi.

"Nikuelekeze wapi? Mlangoni, kama kawaida?"

"Hapana," wifi alisema. "Ukutani."