Mshahara wa Chantal tunalipa wawili

Leo nimeshukuriwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Fundi wangu wa kushona, Chantal, alikuwa ameniacha hapa Gitega akafuata mshahara mkubwa Muyinga. Asubuhi huyo karudi, anaomba kurudi kwenye cherehani yake.

"We, si kule wanalipa vizuri?"

"Wanalipa, mama patron. Lakini kule maharage nilikuwa nanunua."

Sikuelewa, mpaka mama yake akaingia. Katoka Bugendana kwa mguu, kikapu kichwani: maharage, muhogo, ndizi. Chantal akiwa hapa, kila wiki iko vile. Muyinga ni mbali, hawezi kufika.

Kumbe huyu mtoto tunamlipa wawili, na mi ndo nalipa kidogo.

Mama akanipa ndizi kwa mikono miwili. "Aksanti kwa kumlisha mtoto wangu."

Nyie mngejibu nini?